Tumepewa mada ya kubadili video, na kikundi hakielewani

Shikamoo dada,

Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya TEHAMA, mwaka wa kwanza, hapa Mwanza. Mwalimu ametugawa vikundi vya watu wanne wanne, na kila kikundi kina mada ya kuwasilisha mbele ya darasa kwa dakika 15. Sisi tumepewa kubadili video kutoka fomati moja kwenda nyingine. Alama zinaingia kwenye matokeo ya semista na zimebaki wiki mbili.

Tatizo ni kwamba hatuelewani. Kuna kaka mmoja katika kikundi, ametuzidi umri wote, ana kibanda chake maeneo ya Makoroboi, anaingiza nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi za watu. Yeye anasema hakuna haja ya kuumiza kichwa: tufungue programu mbele ya darasa, tuweke muvi ya Kibongo, tubofye kitufe, watu waone asilimia zinapanda, tumemaliza. Mwenzetu mwingine ameingia mtandaoni akarudi na slaidi 40. Zina AVI, MKV, MOV, 3GP, WebM na nyingine sizikumbuki, kila moja na maana ya herufi zake. Nimezisoma zote na bado siwezi kumweleza mtu video inabadilikaje. Wa nne hatokei kwenye diskasheni, anasema tumwandike jina tu. Halafu wote watatu wamekubaliana kwamba msemaji niwe mimi.

Kinachonikosesha usingizi ni kilichowapata kikundi kilichotangulia. Mada yao haikuwa video, ila walikuja na video fupi waliyoipiga kwa simu. Kwenye simu inacheza vizuri. Kwenye kompyuta ya darasa ikatoa sauti tu, picha nyeusi. Wakahangaika na waya za projekta mpaka muda ukaisha. Sasa sisi ambao mada yenyewe ni video, ikitugomea tutaziweka wapi sura zetu?

Naomba unisaidie haya. Je, ni lazima nizijue fomati zote? Tubadili video mbele ya darasa au tuandae kabla? Laptopu yetu ni ya zamani, video ya dakika tano inaweza kuchukua karibu nusu saa. Na huyu kaka nitamwambiaje kwamba mpango wake hautoshi, wakati kazi hii anaijua kuliko mimi na ni mkubwa kwangu?

Nimekwama, Igoma

*

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na ile picha nyeusi, kwa sababu humo ndimo ilimo mada yenu nzima.

Kwa ulivyoeleza, inaelekea video ile haikuwa na kasoro na waya hazikuwa na kosa. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi kwa kodeki, yaani njia ya kubana video iwe ndogo na kuifungua tena, inayoitwa H.265, au HEVC, iliyopitishwa mwaka 2013. iPhone zilianza kuitumia na iOS 11 mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina sehemu ya kuiwasha kwenye mipangilio ya kamera. Inabana video vizuri kuliko iliyoitangulia, H.264 ya mwaka 2003. Lakini ili kuifungua, kompyuta inahitaji kuwa na kodeki hiyohiyo, na kompyuta nyingi za madarasani hazina. Sauti ya video hubanwa kwa kodeki yake nyingine, mara nyingi AAC, ambayo karibu kila kompyuta inaijua. Ndiyo maana darasa lilisikia na halikuona.

Na kwenye jina la faili pengine paliandikwa .mp4, kama video nyingine zote zinazocheza bila shida. Hapo ndipo watu wanapopotea. MP4, MKV, AVI na MOV ni matenga. Ukiliona tenga limefunikwa pale soko la samaki la mwaloni Kirumba huwezi kujua kama ndani mna sato au sangara mpaka ufunue. Ndani ya faili la MP4 mna picha zilizobanwa kwa kodeki fulani, sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, pengine na manukuu, pamoja na maelezo ya muda yanayofanya mdomo na sauti viende sawa. Ukitaka kufunua, fungua video kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kisha bonyeza Ctrl na J. Utaona kila kilichomo. Kubadili jina la faili kutoka .mkv kwenda .mp4 kwa mkono hakugusi chochote cha ndani.

Ukishalielewa hilo, umejibu swali lako la kwanza. Huhitaji kuzijua fomati zote. Unahitaji kulifahamisha darasa kwamba kubadili video ni kazi mbili tofauti, na kwamba kabla ya kubofya kitufe mtu ajue anahitaji ipi.

Kazi ya kwanza ni kuhamisha vilivyomo kutoka tenga moja kwenda jingine bila kuvigusa. Tuseme mteja ana faili la MKV, na televisheni yake inakubali MP4 tu. Mara nyingi ndani ya MKV ile picha ni H.264 na sauti ni AAC, vitu ambavyo televisheni inavijua vizuri. Programu ya bure ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, inafanya kazi hiyo kwa mstari mmoja unaoandikwa kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -i ngoma.mkv -c copy ngoma.mp4

Video ya dakika tano inamalizika kwa sekunde chache, hata kwenye laptopu yenu hiyo ya zamani, na ubora haupungui hata chembe, maana hakuna kilichobanwa upya.

Kazi ya pili ni kubana upya. Hapo programu inafungua kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, inaitazama, inaibana tena kwa kodeki au kiwango kingine. Inachukua muda, inachemsha kompyuta, na kila ukirudia unapoteza kidogo cha picha. Video iliyokataa darasani ilihitaji kazi hii: ya kwanza isingesaidia, kwa sababu tatizo halikuwa tenga. Ilitakiwa itolewe H.265 iwekwe H.264.

Hapa ndipo mahali pa kaka yenu, na nitarudi kwake. Kwanza tumalize la kuonyesha mbele ya darasa.

Fanyeni kazi ya kwanza moja kwa moja, mbele ya watu, kwa saa mkononi. Sekunde chache zile zinashangaza kuliko asilimia zinazopanda polepole. Kazi ya pili iandaeni nyumbani, mje na mafaili yaliyokwisha kubadilishwa. Sioni faida ya kuliweka darasa zima likitazama mstari wa kijani kwa nusu saa wakati mmepewa dakika 15.

Na matokeo ya kazi ya pili yasiwe muvi ya mtu. Tengenezeni video zenu wenyewe. Muvi ya Kibongo ina mwenyewe, na inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kuinakili na kuibadili mbele ya mwalimu ni kujitafutia maswali yasiyohusu mada. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba video yenu mnaweza kuichagua ionyeshe kitu.

Nendeni Kamanga, mahali ambapo Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani, linaonekana vizuri. Wekeni simu juu ya kitu kisichotikisika, ukuta au jiwe, msiishike mkononi kabisa, kwa sababu mkono ukicheza kila kitu kwenye picha kinahesabiwa kuwa kimesogea. Rekodini sekunde 20 kwa 1080, yaani picha yenye mistari 1080 kwenda juu. Nendeni mchana wakati upepo umeamka, ziwa liwe na mawimbi madogo. Kisha rekodini nyingine ya sekunde 20 ya jiwe tupu lisilo na maji, lijaze picha nzima. Mawe hayajawahi kuadimika katika mji huu. Na ya tatu ya maji matupu.

Mafaili haya matatu yakitoka kwenye simu huenda ukubwa wake ukakaribiana, kwa sababu kamera ya simu hujipangia kiasi cha data kwa kila sekunde. Sasa yapitisheni kwenye HandBrake, programu ya kubana video upya ambayo nayo ni ya bure, yote kwa H.264, yote kwa RF 22. Namba hiyo ni kiwango cha ubora: ikiwa ndogo ubora unapanda na faili linakua. Mkimaliza, angalieni ukubwa. Faili la jiwe tupu litakuwa dogo sana likilinganishwa na la maji. Andikeni namba zenu halisi kwenye slaidi, msinakili za mtu.

Sababu yake ndiyo kiini cha mada. Kodeki haihifadhi kila fremu nzima nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu kwa fremu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Jiwe halibadiliki, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Mawimbi yanabadilika kila mahali kila wakati, na hakuna fremu inayofanana na iliyopita. Ndiyo maana pia video ya mtu anayeongea mbele ya ukuta hubanwa vizuri, na video ya Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, vumbi likitimka na watazamaji wakisukumana, inabaki nzito au inaharibika.

Kisha chukueni ile video ya kwanza, yenye jiwe na maji pamoja, muibane upya kwa kiwango cha wastani cha kilobiti 500 kwa sekunde. Hesabu yake ifanyeni ubaoni: 500 mara sekunde 20, gawanya kwa 8 kwa kuwa baiti moja ni biti nane, mnapata kilobaiti 1,250 za picha, yaani kama megabaiti moja na robo. Onyesheni matokeo kwenye projekta na simamisheni video katikati. Jiwe litakuwa limebaki na nyufa zake, au karibu zote, huku maji yanayolizunguka yamekuwa mabaka-mabaka. Mtu yeyote aliyekaa nyuma ya darasa ataona kwa macho yake kodeki imeamua kupoteza wapi. Hilo halimo kwenye slaidi 40 za mwenzenu.

Kama muda unaruhusu, ongezeni hesabu moja ya kuonyesha kwa nini tunabana kabisa. Fremu moja ya 1080 ina pikseli, yaani nukta za rangi, 1920 mara 1080, yaani 2,073,600. Kila pikseli ikichukua baiti tatu za rangi, fremu ni baiti 6,220,800. Kwa fremu 25 kila sekunde, dakika moja inafika gigabaiti 9.3. Flashi ya GB 8 ingejaa kabla ya dakika moja kuisha. Video hiyohiyo ikirekodiwa kwa megabiti 16 kwa sekunde, dakika moja ni megabaiti 120. Darasa litaelewa kwamba kila video waliyo nayo kwenye simu tayari imetupa vitu vingi, na kilichotupwa hakirudi.

Kwa hiyo msikubali kuondoka bila kusema hili: kupandisha video kutoka 240 kwenda 1080 hakuipi ubora. Picha ya 426 kwa 240 ina pikseli 102,240 tu. Programu itabuni zilizobaki kwa kukisia kutokana na jirani zake. Faili litanenepa na jina litaandikwa HD, lakini sura iliyokuwa na ukungu itabaki na ukungu. Watu wanalipia huduma hiyo mitaani, na nadhani wanafunzi wa TEHAMA wana wajibu wa kulisema.

Sasa kaka yenu. Usimwambie kwamba mpango wake hautoshi. Mwendee peke yake, si mbele ya wengine, umwombe: "Kaka, wewe ndiye unayekutana na wateja. Naomba utusaidie kujua ni matatizo gani wanakuja nayo, na sehemu ya vitendo uishike wewe." Halafu mwonyeshe ule mstari wa FFmpeg kwa faili lolote la MKV mlilo nalo. HandBrake na programu nyingi za kubofya hubana picha upya kila mara, hata pale ambapo kuhamisha tu kungetosha. Mtu anayewasubirisha wateja kwenye kibanda ataona mara moja ina faida gani kwake, na hutakuwa na haja ya kumshawishi. Mbele ya darasa yeye akae kwenye kompyuta, wewe uongee. Mkubwa akipewa nafasi inayolingana na ujuzi wake hana sababu ya kugoma.

Mwenye slaidi 40 mshukuruni, kisha mkae naye mbaki na saba hivi. Slaidi yenye jedwali la fomati ibaki moja, kwa ajili ya atakayeuliza. Na yule asiyetokea, msimwandike jina bure. Mpeni kazi ya kwenda Kamanga kurekodi na kuleta mafaili siku mliyokubaliana. Ni kazi ya wazi, ya nusu siku, na akishindwa hiyo mwalimu aambiwe mapema, kabla ya siku ya kuwasilisha.

Mwanzo wa wasilisho ningeupanga hivi. Nendeni kwa kikundi kile kilichopata mkosi mkaombe ile video yao, na mwombe pia ruhusa ya kuionyesha. Wakikubali, anzeni nayo bila utangulizi wowote: sauti ipo, picha nyeusi. Waulizeni wenzenu wanadhani tatizo ni nini. Watataja waya, watataja virusi, watataja projekta. Kisha fungueni Ctrl na J kwenye VLC muwaonyeshe imeandikwa HEVC, na mwisho wa dakika zenu chezeni ileile iliyokwisha kubanwa kwa H.264. Wale wenzenu watajua kwamba hawakuzembea. Ila video ya mwanzo ichezeni kwa programu ya kawaida ya kompyuta ya darasa, kwa sababu VLC hubeba kodeki zake yenyewe na itaifungua bila shida, halafu mkose cha kuonyesha. Wakikataa kuwapa, tumieni video ya simu yenu yenye H.265, mkiwa mmeshaijaribu pale pale.

Maana kujaribu pale pale ni lazima. Ombeni kuingia darasani siku moja kabla, na kompyuta ileile, projekta ileile. Mafaili yote ya kuchezwa yawe MP4 yenye H.264 na AAC, kwa 720. Projekta nyingi za darasani hazionyeshi zaidi ya hapo. Wekeni nakala kwenye flashi mbili na kwenye simu, na ndani ya flashi muwe na VLC ile isiyohitaji kusakinishwa. Kama waya wa projekta ni wa VGA, kumbukeni haupitishi sauti, kwa hiyo bebeni spika. Laptopu ijae chaji, kwa ajili ya umeme. Tovuti za kubadili video mziache: faili la megabaiti 200 linapandishwa lote kisha linashushwa tena, bando linaisha, na video yenu imeachwa kwenye kompyuta za watu msiowajua.

Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, kaka akiwa kwenye kompyuta, mwingine ameshika saa. Mkipita dakika 13 punguzeni hesabu ya gigabaiti, lakini msiguse ile video ya jiwe na maji.

Mwalimu anaweza kuuliza kwa nini mmechagua H.264 ya mwaka 2003 wakati zipo mpya. Mjibu kwamba AV1 ya mwaka 2018 inabana vizuri zaidi na haina malipo ya leseni, lakini kompyuta ya zamani inahangaika kuibana na wakati mwingine hata kuicheza, na lengo lenu lilikuwa video itakayofunguka darasani. Akiuliza nani anatengeneza programu hizi za bure, mwambie VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadili. Akiuliza kitu ambacho hamkukijaribu, semeni hamjakijaribu, kisha mfungueni faili mlilo nalo mtazame pamoja naye.